Sifa za Baasto kwa Suugo

Katika kutunga sifa za vyakula, waandishi wa Afrika Mashariki wamezoea kuutanguliza wali katika sura zake zote, uwe pilau, uwe biriani au uwe wa nazi, na mazoea hayo yasingekuwa na kosa kama yasingeiacha nje ya mlango baasto kwa suugo, yaani tambi ndefu za Kisomali zinazoliwa kwa mchuzi mzito wa nyanya na nyama. Chakula hiki hushibisha maelfu kila siku, kuanzia Mogadishu hadi migahawa ya Eastleigh mjini Nairobi, lakini kwa wengi hutajwa tu pale nguo yenye doa lake inapofuliwa. Makala haya yanakusudia kuiondoa dhuluma hiyo kwa kufuata utaratibu wa kale wa kusifu, ambao huanza na nasaba ya msifiwa, hupitia tabia na matendo yake, kisha humpambanisha na washindani wake.

Kwa upande wa nasaba, msifiwa ana jamaa katika mabara manne, na upungufu wake ni kwamba wengi wao hawamwaliki harusini. Tambi zenyewe zilizoeleka Somalia kwa njia ya Waitaliano, ambao walianza kujipatia himaya katika pwani hiyo mnamo 1889, wakaitawala hadi Waingereza walipowaondoa mwaka 1941, kisha wakarejeshwa na Umoja wa Mataifa kama wadhamini kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Nyanya asili yake ni Amerika, nayo ilifika Ulaya mikononi mwa Wahispania. Xawaash, ambayo ni bizari ya kusagwa inayochanganya jira, giligilani, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu na manjano, ni mtoto wa biashara ya Bahari ya Hindi, biashara iliyokwisha kuwa kongwe kabla dola ya Italia haijazaliwa. Nyama peke yake ndiyo mwenyeji, kwa kuwa ufugaji ndio uti wa mgongo wa maisha ya Wasomali, na kwa adabu za mwenyeji imekubali kukatwa vipande vidogo viitwavyo suqaar, au kusagwa kabisa, ili wageni wapate nafasi.

Tabia ya msifiwa hudhihirika jikoni, ambako vitunguu, thomu na pilipili hoho hukaangwa pamoja na nyama, zikafuata nyanya mbichi, nyanya ya kopo na xawaash, na vyote vikaachwa vitokote taratibu mpaka mafuta mekundu yaelee juu. Mafuta hayo ndiyo chanzo cha shtaka la kwanza la maadui zake, wanaodai kwamba tone moja likidondoka kwenye kanzu nyeupe halitoki kwa sabuni wala kwa dua. Shtaka hilo, likichunguzwa kwa haki, hugeuka kuwa fadhila, kwa sababu aliyekula mgahawani hana namna ya kurudi nyumbani akadai kwamba hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na kwa hiyo suugo hulinda ukweli katika ndoa nyingi bila kulipwa ada ya kadhi.

Shtaka la pili ni utelezi, kwa kuwa tambi inayoliwa kwa mkono, kama wengi wanavyoila, haikubali kufinyangwa tonge, bali huning'inia kati ya vidole na kumlazimisha mlaji ainamishe kichwa mpaka karibu na sinia. Na ni nani asiyeona kwamba chakula kinachomwinamisha tajiri na hamali kwa kiwango kilekile kimefanya kazi iliyozishinda hotuba nyingi za usawa? Shtaka la tatu ni usingizi mzito unaofuata mlo wa mchana, lakini hata huo una manufaa ya umma, kwani mabishano ya siasa yaliyowashinda wapatanishi hukatika yenyewe muda mfupi baada ya sinia kuondolewa.

Inabaki ndizi, ambayo huwekwa mbivu kando ya sahani, ikamenywa na kuumwa kwa zamu na tambi, au ikakatwakatwa na kuchanganywa nazo, huku basbaas, yaani chachandu kali ya pilipili, ikisubiri pembeni kuurekebisha utamu huo. Wageni hudhani kwamba ndizi imekosea njia, ilhali njia yake inajulikana vizuri kuliko ya mwingine yeyote mezani. Katika enzi ya Wafashisti, ndizi zililimwa kando ya mito Shabelle na Juba katika mashamba ya walowezi yaliyotegemea kazi za kulazimishwa, zikasafirishwa hadi Italia, ambako biashara yake ilifanywa ukiritimba wa serikali mwaka 1935. Leo ukiritimba huo haupo, walowezi hawapo, na ndizi iliyokusudiwa kwa meza za Roma inaliwa Mogadishu pamoja na tambi za Roma. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakueleza kwamba wakati mwingine mwenyeji hupona baada ya mgeni kuondoka na kuacha chakula chake nyuma.

Katika matendo ya msifiwa lipo moja lisiloruhusu mzaha. Tarehe 2 Julai 1993, wanajeshi wa Italia waliokuwa katika operesheni ya Umoja wa Mataifa walishambuliwa mjini Mogadishu karibu na kiwanda cha tambi kilichokuwa kimeachwa, na katika mapigano hayo walikufa Waitaliano watatu na Wasomali wengi. Kiwanda kilikuwa kimenyamaza na dola ilikuwa imevunjika tangu 1991, lakini baasto haikukatika vyunguni, na wakimbizi waliotawanyika hadi Dadaab, Nairobi na Minneapolis waliibeba pamoja na machache waliyoweza kuokoa. Huko migahawani ipo sahani iitwayo federeeshan, maana yake shirikisho, inayoweka wali na baasto pamoja bila kugombea mipaka, jambo ambalo katiba ya muda ya Somalia ya 2012 ilijaribu kulitafutia njia.

Mshindani anayestahili kutajwa ni mchuzi wa nyama wa mji wa Bologna, ambao mapishi yake yaliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo tarehe 17 Oktoba 1982, kana kwamba ni hati ya kiwanja. Suugo haina hati wala msajili, kila nyumba huipika kwa mkono wake na kuziona nyumba nyingine zimepotoka, na hakuna chombo chochote duniani chenye mamlaka ya kumfungia mpishi aliyezidisha mdalasini. Kati ya chakula kinacholindwa na ofisi na kile kilichovuka ukoloni, vita na ukimbizi bila mlinzi, hukumu si ngumu kutolewa. Msomaji anayeipinga hukumu hiyo ana haki ya kukata rufaa, kwa sharti kwamba aile kwanza, kwa mkono, akiwa amevaa kanzu nyeupe.