YAH: Maombi ya Programu ya Simu Itakayopanda Ngazi kwa Niaba Yetu

Misunkumilo,
Manispaa ya Mpanda, Katavi

Kwa: Wakubwa Wote Wanaojenga Vyuo Vikuu

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawapongeza kwa mapenzi yenu mapya kwa teknolojia saidizi, hasa programu ya simu ya kumwongoza asiyeona ndani ya jengo. Tumeelewa: mawimbi ya setilaiti hayaifikii vizuri simu iliyo chini ya zege, hivyo ukutani vinabandikwa vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ya bluetooth. Simu inayanasa, kisha inamnong'oneza asiyeona: hatua kumi mbele, kata kulia. Safi kabisa, mradi bando lipo. (Fimbo nyeupe haiishiwi bando, lakini haina uzinduzi.)

Na aliye kwenye kiti mwendo? “Umefika kwenye ngazi.” Asante, alishaziona. Tunaomba toleo lijalo limbebe.

Kuna chuo, sikitaji, ambacho ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu iko ghorofani. Lifti ipo, ufunguo anao mlinzi, mlinzi yuko kwenye chai. Mimi nauona huo ni usaili: ukiifikia ofisi, umethibitisha huna mahitaji, rudi darasani.

Njia ya mteremko, wakubwa, haihitaji chaji. Hesabu yake inayojulikana duniani ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo. Mafundi wetu wanapenda ufupi. Hujenga mita mbili, wakapigilia vigae vya kung'aa. Mvua ya Januari ikinyesha, hata mwenye miguu yake anashuka kwa makalio.

Msidhani tunaharakisha mchakato. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Ni juzi tu.

Nawaandikia sasa kwa sababu mradi wa elimu ya juu wa HEET, ulioanza 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unapeleka majengo ya vyuo mikoani, na sisi Katavi tuna Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Mpimbwe. Sijasema majengo yake yana kasoro, msiniite kuhojiwa. Nasema tu kwamba popote mchoro ulipo bado karatasi, kifutio ni rahisi kuliko tindo. Panueni mlango. Andikeni namba za vyumba kwa nukta nundu. Ofisi ile ishusheni chini.

Programu tutaipakua baadaye, tukishaingia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Misunkumilo

Nakala: Mkandarasi, kabla zege halijakauka.
Mlinzi mwenye ufunguo, akirudi.