Sifa za Bufee ya Melini

Hakuna mlo unaosimangwa kama bufee ya jioni katika meli za kitalii. Wajuzi wa safari za bahari huitaja huku wamekunja pua. Abiria aliyekwisha kulipia ukumbi mkuu wa chakula, wenye vitambaa vyeupe mezani na mhudumu anayemwita kwa jina, kisha saa moja jioni akapanda zake sitaha ya juu na kandambili kwenda kugombea koleo la viazi, huonekana mshamba aliyetupa fedha baharini. Mshamba huyo anastahili sifa, na asifiwe bila aibu. Chakula cha bufee huwa vuguvugu, foleni yake haina mwisho, kelele zake hazina adabu, na viazi vyake vimelegea kwa kungoja chini ya taa. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, ndiyo meza pekee melini isiyotaka kujua mtu ni nani kabla ya kumlisha, na kwa fadhila hiyo moja inazishinda meza nyingine zote.

Fadhila hiyo haionekani vizuri mpaka mtu akumbuke mlo rasmi wa melini umetoka wapi. Ulikulia katika meli za abiria zilizovuka Atlantiki, ambamo chakula kilikuwa njia ya kuwapanga watu. Tarehe 14 Aprili 1912, jioni ya mwisho ya Titanic, abiria wa daraja la kwanza waliandaliwa chaza, samaki, mnofu wa ng'ombe, mwanakondoo kwa mchuzi wa mnanaa, makinda ya njiwa na vitamutamu vya namna namna, sahani moja ikiondoka nyingine ikiingia. Siku hiyo hiyo, katika meli hiyo hiyo, karatasi ya chakula ya daraja la tatu iliutaja mlo wa usiku kuwa uji, biskuti na jibini. Karatasi hiyo ilimwelekeza pia mwenye malalamiko kuhusu chakula ayapeleke mara moja kwa mhasibu wa meli au mkuu wa wahudumu. Uji ulikuwa na utaratibu wa kulalamikiwa. Haukuwa na utaratibu wa kubadilishwa na njiwa.

Itasemwa kwamba mambo hayo yalizama na enzi yake. Hayakuzama yote. Ndani ya Queen Mary 2, meli ya Cunard iliyoanza safari mwaka 2004, chumba alicholipia abiria ndicho bado kinachoamua atakula ukumbi gani: wa vyumba vya kawaida hula Britannia, wa vyumba vikubwa Princess Grill, na wa vyumba vya fahari Queens Grill. Jioni huwa na kanuni za mavazi, na usiku wa karamu kubwa mwanamume hutakiwa kuvaa suti ya rangi nzito na tai. Lakini kwenye sitaha ya 7, sitaha ile ile yenye kumbi za Grill, iko Kings Court, bufee ya meli, ambako mwenye chumba cha fahari na mwenye chumba kisicho na dirisha hushika sahani za aina moja na kungoja zamu moja. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliozoea harusi ambazo meza kuu hupelekewa kuku mzima huku meza za nyuma zikikadiriwa vipande, hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya jambo hilo. Nayo kampuni ya Norwegian Cruise Line ilipoachana mwaka 2000 na zamu za kula zilizopangwa na meza za kudumu, ilikubali tu jambo ambalo bufee ilikwisha kulijua zamani: mtu aliye likizo hapendi kupangiwa saa ya kuona njaa.

Itazame sahani moja ya bufee kwa karibu. Wali wa biriani umelalia kipande cha piza, sushi mbili zimeegemea nyama ya kuchoma, na ukingoni kuna keki ya chokoleti iliyokwisha kufikiwa na mchuzi. Mpishi wa ukumbi mkuu akiiona atashika kichwa. Lakini humo hamna hata tonge moja lililowekwa kwa kumwogopa mtu. Ukumbini, mlaji huagiza alichoagiza jirani yake kwa sababu majina ya Kifaransa yamemtisha, husubiri wenzake wamalize supu hata kama tumbo linanguruma, na huviangalia visu na uma kwa wasiwasi wa mtahiniwa. Mla bufee mzoefu hufanya kinyume: huzunguka kwanza na sahani tupu, akikagua kila sinia kabla ya kugusa koleo. Huyo amefikiri kuliko yule aliyechagulishwa na karatasi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tumbo. Norovirus, virusi vya tumbo, hupenda meli, na koleo moja linalopita mikono mia mbili ni njia nyeupe kwake, hilo halikanushiki. Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, hukagua meli kwa kushtukiza na kuzipa alama, ambapo 85 kati ya 100 au chini ya hapo ni kufeli, na hutangaza hadharani milipuko inayofikia asilimia 3 ya abiria au wafanyakazi. Lakini virusi havijui kanuni za mavazi. Hupanda lifti, hushika reli za ngazi, na hupeana mikono katika tafrija ya nahodha. Tena mlangoni mwa bufee husimama mhudumu mwenye chupa ya kitakasa mikono, wakati mwingine akiimba ili watu wasimpite. Kitakasa hicho hakifui dafu mbele ya norovirus. Dawa ni maji na sabuni, ndiyo maana baadhi ya meli mpya zimejenga masinki pale pale penye bufee. Maradhi yakizuka, makoleo huondolewa mikononi mwa abiria na wahudumu hupakua wenyewe. Ukumbi mkuu hutaka kujua kama mtu amevaa tai. Bufee hutaka kujua kama amenawa.

Wengine watashika ulafi na uharibifu. Ni kweli macho hushiba baada ya tumbo, na sahani nyingi hurudi na nusu ya mlima. Lakini ukumbini kipimo huamuliwa jikoni: mwenye hamu ndogo huletewa sawa na mwenye njaa, na kinachobaki huondolewa kwa upole kabla hakijamwaibisha. Mabaki ya pande zote mbili huenda njia moja. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL huruhusu mabaki ya chakula yaliyosagwa mpaka yakapita kwenye chujio la matundu yasiyozidi milimita 25 kumwagwa meli ikiwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na maili 12 katika bahari zenye ulinzi maalumu. Samaki hawawezi kujua yapi yalitoka kwenye kitambaa cheupe. Mla bufee, angalau, huyaona mabaki yake, na anajua aliyeyapakua ni nani.

Linabaki suala la ustaarabu. Anayependa kuvaa na avae, na mhudumu wake amvutie kiti. Lakini mezani kwake kila mtu ameletewa sahani yake, kwa hiyo hana nafasi ya kumwachia mwenzake chochote. Mbele ya sinia la bufee, lenye kipande kimoja cha samaki na watu sita nyuma, ndipo adabu hupimwa kweli. Meli hizi hutia nanga Mombasa na Zanzibar, na huenda siku moja nawe ukapanda. Ukipanda, tai iache kabatini. Nawa kwa sabuni, zunguka kwanza na sahani tupu, pakua kidogo, na kile kipande cha mwisho mwachie aliye nyuma yako.