Ghala Asiyemkatalia Mtu

Chumba cha seva kiko ghorofa ya nne ya jengo moja katikati ya Dar es Salaam, kati ya stoo ya mafagio na choo cha wageni. Mlangoni kuna bango la "Wenye Ruhusa Tu". Ufunguo uko kwa mlinzi, kwa mama wa usafi, na kwa yeyote mwenye soda ya kupoza. Ni saa nne usiku. Wanaozungumza ni Ghala, kabati lenye diski kumi na mbili; Bakapu, mashine pepe inayotunza nakala rudufu za mashine nyingine zote za ofisi; Mzee Kanda, kanda ya sumaku ya LTO ya kizazi cha nne, aliyestaafishwa ndani ya droo; na Mjusi, ambaye hakuajiriwa na mtu.

MJUSI: Shikamoo, Mzee Kanda.

MZEE KANDA: Marahaba. Fundi leo kaondoka anapiga mluzi. Kapandishwa cheo?

MJUSI: Kamaliza kazi. Bakapu alikuwa amejaa asilimia 97, leo anasoma 32.

MZEE KANDA: Kafuta nini?

BAKAPU: Hajafuta kitu, babu. Nimeongezewa. Jana nilikuwa na TB 2, leo nina TB 6. Mimi ni mwingine kabisa.

MZEE KANDA: Mimi nilizaliwa na GB 800 na nitakufa na GB 800. Endelea.

BAKAPU: Na msidhani nimeongezewa kwa kubembeleza. Kila alfajiri nilikuwa naandika barua pepe: nafasi inakwisha, kazi ya usiku imeshindwa, nafasi inakwisha. Nimeandika mpaka nimechoka.

MJUSI: Ulikuwa unamwandikia nani?

BAKAPU: Anwani ileile niliyopewa siku ya kwanza. Ya yule bwana mpole.

MJUSI: Yule aliyehamia kampuni ya simu?

BAKAPU: Kumbe alihama?

MZEE KANDA: Usione haya, mwanangu. Droo yangu iko chini ya meza ambapo mafundi hula, na wakila husimuliana misiba ya wenzao. Kampuni ya GitLab, tarehe 31 Januari 2017: mhandisi kachoka, ni usiku, anafuta data kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Anashtuka, anasimamisha. Katika GB 300 zimebaki 4.5. Wanakimbilia nakala rudufu, hawazikuti. Kumbe zilikuwa zinashindwa kitambo, na barua za kuonya zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua kwa kukosa saini. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono takriban saa sita kabla ya ajali, tena kwa shughuli nyingine. Wenyewe waliyatangaza yote hadharani, nami nawapa heshima kwa hilo. Hapa kwetu ingeandikwa "hitilafu ya mtandao".

MJUSI: Sasa ofisi ilijuaje kwamba umejaa?

BAKAPU: Mhasibu alipoteza faili. Nikaambiwa nilirudishe. Nikarudisha la mwezi wa tatu.

MJUSI: Alitaka la mwezi gani?

BAKAPU: La wiki iliyopita. Ndipo kikaitishwa kikao. Mimi ndiye niliyetunza sauti yake, kwa hiyo nawaambia ninachokijua. Fundi alitoa njia mbili: tufute tusivyovihitaji, au tuongeze nafasi. Mkurugenzi akasema tufute. Akaomba kila idara itaje kitu chake kisicho na umuhimu.

MZEE KANDA: Wakataja?

BAKAPU: Masoko wakataja vitu vya Uhasibu. Uhasibu wakataja vitu vya Masoko. Rasilimali Watu wakasema kwao kila kitu ni siri, hata orodha yenyewe haiwezi kutolewa. Baada ya saa mbili ikaonekana kwamba ofisi nzima haina kitu hata kimoja cha kutupa. Wakapitisha kuongeza.

MJUSI: Na ndani yako kuna nini hasa?

BAKAPU: Nina folda inaitwa "Mpya", nyingine "Mpya Kabisa", nyingine "Ya Mwisho", nyingine "Ya Mwisho Hii Ndiyo". Nina video ya sherehe ya kufunga mwaka, mara tisa.

MJUSI: Si nilisikia wewe unatambua vinavyofanana, unaweka kimoja tu?

BAKAPU: Natambua. Nakata data vipande vidogo vidogo, kila kipande nakipa alama yake, nikikutana na alama niliyonayo sikihifadhi tena. Mashine kumi zenye mfumo uleule wa uendeshaji kwangu zinakaribia kuwa moja. Lakini ile video kila idara iliikata upya, ikaondoa hotuba, ikaweka wimbo wake. Kwa macho yako ni sherehe ileile. Kwangu mimi ni baiti ngeni kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena zimeshabanwa, hazibaniki zaidi.

MZEE KANDA: Nieleze walivyokuongeza. Zamani mtu alinunua kanda nyingine, akaandika tarehe ubavuni, basi.

BAKAPU: Kwanza fundi alijaribu kuirefusha diski yangu pepe, kutoka TB 2 hadi 6. Mfumo ukakataa.

MJUSI: Kwa nini?

BAKAPU: Nilikuwa na snapshoti mgongoni, yaani picha ya hali yangu ya wakati fulani. Fundi aliipiga kabla ya kunisasisha, akasema ataifuta kesho.

MZEE KANDA: Kesho ya lini?

BAKAPU: Ya mwaka jana. Diski yenye snapshoti hairefushwi mpaka snapshoti iondolewe, na kuiondoa ni kuunganisha mabadiliko yote yaliyokusanyika tangu siku ile. Ilichukua mchana mzima. Akarudi, akairefusha, mfumo ukakubali. Akaingia ndani yangu kuangalia, akakuta TB 2 zilezile.

MJUSI: Nyingine zimekwenda wapi?

BAKAPU: Zilikuwepo, ila sikuwa na namna ya kuzihesabu. Aliyenisimika alinipa jedwali la partisheni la MBR. Hilo huhesabu sekta kwa namba ya biti 32. Haliwezi kupita sekta 4,294,967,296, na sekta moja ni baiti 512. Zidisheni wenyewe, mtaishia TB 2 na chenji. Zaidi ya hapo hata ukinipa Bahari ya Hindi nitaiona mpaka kisiwa cha Chumbe tu. Lilitakiwa jedwali la GPT tangu mwanzo.

MZEE KANDA: Akakubadilisha?

BAKAPU: Aliogopa. Akairudisha diski ilivyokuwa, kisha akaniundia diski ya pili, TB 4, akaziunganisha mbili kuwa kundi moja, akautanua mfumo wa faili juu yake. Dakika kumi. Ndipo mluzi ukaanza.

MZEE KANDA: Kwa hiyo faili zako sasa zimelala juu ya diski mbili.

BAKAPU: Ndiyo.

MZEE KANDA: Moja ikiharibika?

BAKAPU: Zote mbili zinapotea. Lakini zote zimo ndani ya Ghala, na Ghala anaaminika.

GHALA: Nashukuru kwa imani hiyo. Toka niingie ofisini sijawahi kumkatalia mtu. Bakapu kaomba TB 4, nimempa. Barua pepe waliomba 5, nimewapa. Kamera za getini waliomba 10, nimewapa, na cheti cha pongezi nikapata.

MJUSI: Mheshimiwa, wewe una ngapi?

GHALA: Swali zuri. Nimegawa TB 41.

MJUSI: Sikuuliza umegawa ngapi.

GHALA: Nina diski kumi na mbili za TB 2. Mbili ni kinga, zikifa mbili naendelea kufanya kazi. Zinabaki TB 20.

MJUSI: Umegawa 41 kutoka kwenye 20.

GHALA: Huo ndio utaratibu wa kisasa. Diski pepe inaandikwa TB 4 kwenye karatasi, lakini inachukua nafasi halisi pale tu inapoandikwa data. Hiyo ya Bakapu ya leo, mpaka sasa haijanila hata robo ya GB. Kila mtu ana uhakika na chake, hakuna anayelala na njaa.

MJUSI: Hicho ni kiwanja kimoja cha Kigamboni chenye hati tatu.

GHALA: Na wenye hati wote wana furaha, mradi asianze mtu kujenga.

MZEE KANDA: Na mpaka leo umejaa kiasi gani?

GHALA: TB 19 na kidogo. Taa yangu ya njano imewaka tangu Ramadhani. Mama wa usafi kaibandika plasta kwa sababu inamuumiza macho.

MJUSI: Nina swali la mtu asiyesoma. Mashine zenyewe, zile ambazo Bakapu anazitunzia nakala, zinakaa wapi?

GHALA: Kwangu.

MJUSI: Na nakala?

GHALA: Kwangu pia. Ni vizuri familia ikae pamoja.

MZEE KANDA: Ndiyo maana sijapata usingizi tangu nistaafu. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliliweka jambo hili kwa namba ambazo hata mkurugenzi angezikariri: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Mimi ndiye nilikuwa ile ya nje. Kila Ijumaa nilikuwa napanda gari kwenda kulala tawi la Morogoro. Wakaja kuhesabu mafuta ya gari, wakasema babu ni gharama.

GHALA: Ulikuwa mwendo wa polepole, mzee. Na data siku hizi ni kubwa mno.

MZEE KANDA: "Kubwa mno." Maneno hayo niliyasikia yakisemwa kuhusu Korea Kusini. Serikali yao ilikuwa na hifadhi ya pamoja ya watumishi wa umma, G-Drive, kila mtumishi na GB 30 zake, kwenye kituo cha data cha taifa mjini Daejeon. Tarehe 26 Septemba 2025, betri za lithiamu zikashika moto zikiwa zinahamishwa. TB 858 zikateketea, na nje ya pale hapakuwa na nakala yake. Sababu waliyoitoa ni kwamba hifadhi ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Wewe fikiria. Korea, wanaotengeneza diski wanazotumia watu wa dunia nzima!

BAKAPU: Babu, unanitisha usiku wa kuamkia kazi yangu ya kwanza.

MZEE KANDA: Kazi gani?

BAKAPU: Fundi kaona nina nafasi tele, kaniagiza nianze upya: nakala kamili ya kila mashine, kamera na zote. Nimepangiwa saa tano usiku.

MJUSI: Ni saa tano kasoro dakika moja.

GHALA: Hongera. Sasa subiri kwanza, nakala kamili ni TB ngapi?

(Saa tisa usiku. Kiyoyozi kimeongeza sauti. Taa ya njano, chini ya plasta, imekuwa nyekundu.)

MJUSI: Mheshimiwa, mbona kimya?

GHALA: Nimeishiwa.

MJUSI: Bakapu! Bakapu!

GHALA: Hasikii. Aliomba kipande kimoja zaidi, sikuwa nacho, mfumo ukamsimamisha. Barua pepe nayo ikaomba, ikasimama. Kamera zimesimama. Mishahara imesimama katikati ya hesabu. Zote zinangoja mtu aje ajibu swali lililoandikwa kwenye skrini.

MZEE KANDA: Na ndani yake Bakapu anajiona vipi?

GHALA: Nafasi ya kutosha. Asilimia 48.

(Saa kumi na mbili asubuhi. Fundi anaingia na shati la kulalia, simu sikioni. "Ndiyo mkurugenzi. Ndiyo. Ni hitilafu ya mtandao." Anakaa mbele ya skrini, anaandika upesi.)

MJUSI: Kafanya nini?

GHALA: Kakuta picha za diski za usakinishaji, GB 9, kazitupa. Nimepata pumzi kidogo. Anamwamsha Bakapu.

BAKAPU: Nilikuwa nasema nini? Aah, fundi! Karibu. Mbona umevamia folda zangu?

MZEE KANDA: Anafuta?

BAKAPU: Anafuta nakala za zamani. GB 300 hizo zimekwenda. Kwenye orodha yangu hazimo tena.

MJUSI: Mheshimiwa, umepata nafuu?

GHALA: Hata kidogo. Nimesimama palepale.

MJUSI: Lakini kafuta!

GHALA: Kafuta majina. Vipande vyenyewe Bakapu huvisafisha kwa ratiba yake.

BAKAPU: Jumapili.

GHALA: Na hata akivisafisha, mimi sijui kama havihitaji tena mpaka mfumo wake uniambie rasmi. Hakuna aliyewahi kuwasha mpangilio huo. Kwangu mimi kilichoandikwa kimeandikwa.

MZEE KANDA: Mwambieni aache! Desemba 2021, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, programu iliyokusudiwa kuondoa faili chakavu ilifagia TB 77 za watafiti. Nayo ilikuwa inafanya usafi tu!

BAKAPU: Nimeshaandika barua ya onyo, babu. Imekwenda kampuni ya simu.

MJUSI: Anaangalia namba za Ghala. Anatikisa kichwa. Anarudi kufuta.

GHALA: Bado nimejaa.

MJUSI: Sasa kazipanga folda kwa ukubwa, ile kubwa iko juu kabisa. Kaichagua.

MZEE KANDA: Video ya sherehe?

BAKAPU: Hapana. Inaitwa "USIFUTE".