Heko, Skrini Nyeusi

Washairi wetu wameshasifu mwezi, jahazi, karafuu na macho ya kurembua. Simu mpya ikiingia dukani, kila mtu anasifu kioo chake: kinang'aa, kina rangi, kinasomeka hata juani. Skrini nyeusi peke yake ndiyo haijapata wa kuitetea. Anayeikuta huipiga kofi ubavuni, huchomoa waya, huapiza, kisha humwita fundi. Leo nimejitolea kuwa wakili wake bila malipo, maana nimeishi nayo jioni nyingi na haijanidanganya hata mara moja.

Tulijuana hivi. Nina Raspberry Pi 4, kompyuta nzima juu ya bodi moja inayoenea kiganjani, ya toleo lililotoka Uingereza Juni 2019. Nikaamua kuijengea mwenyewe draiva ya grafiki kutoka kwenye Mesa, mradi wa programu huria alioanza kuuandika Brian Paul mwaka 1993. Draiva, kwa asiyeijua, ni mkalimani. Mchezo unasema "chora pembetatu", chipu ya michoro haijui lugha hiyo, basi draiva inakaa katikati ikitafsiri. Ningeweza kuipakua ikiwa tayari imepikwa. Lakini nilitaka kubadilisha mistari michache ndani yake, na mwenye hamu ya kutia mkono chunguni akoke moto mwenyewe.

Moto ukakokwa. Niliamuru viini vyote vinne vya prosesa vijenge kwa mpigo. Bodi yangu ina kumbukumbu ya GB 1 tu. Kompaila nne, ndizo zinazopika msimbo uwe programu, zikaigombania kama abiria wa daladala la mwisho, na keneli, kondakta asiye na huruma, akaishusha mojawapo njiani. Nikarudia kwa kiini kimoja, nikaiacha usiku kucha. Alfajiri kazi ilikuwa imekwisha.

Nikafungua glxgears, zile gia tatu, nyekundu, ya kijani na ya bluu, ambazo kila mjaribu grafiki huanza nazo. Zikazunguka! Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akatazama kidogo.

"Hongera, baba watoto. Kwa hiyo umeme wote ule umeliwa na gia tatu?"

Sikumjibu, mbele ya ushindi mtu huvumilia mengi. Kisha nikagusa bodi, nikakuta ina joto la kukaangia yai. Nikauuliza mfumo ni nani hasa anayechora. Ukajibu: llvmpipe.

Huyo llvmpipe ni mchoraji wa akiba. Draiva ya chipu isipopatikana, yeye huichukua kazi yote na kuitwika prosesa kuu, kimyakimya, bila kubisha hodi. Kumbe wakati wa kupanga ujenzi niliandika jina la vc4, draiva ya chipu za Raspberry Pi za zamani, nikaisahau v3d ambayo ndiyo ya Pi 4. Nilikuwa nimekesha nikimlea mtoto wa jirani. Kosa ni langu, sikatai. Lakini utazameni huo uungwana wa uongo: picha safi, rangi kamili, tabasamu la muuza maziwa aliyekwisha kutia maji.

Nikaongeza v3d, nikajenga tena, nikafungua gia. Skrini ikawa nyeusi tii.

Heshima yangu kwake ilianzia hapo. Kwa mara ya kwanza ile mistari niliyoibadilisha ilikuwa imefika kweli kwenye chipu, na skrini ikanipa matokeo yangu bila kuremba: sifuri.

Nasema ina busara ya wazee wanaojibu maswali yote kwa "hm". Weusi ule ni mmoja, ila maana zake hazina idadi. Huenda waya wa HDMI uendao kwenye televisheni umelegea. Huenda chipu imekwama, na keneli imeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imelazimika kuiwasha upya. Huenda pembetatu zote zimechorwa, ila nje ya mipaka ya skrini, zinazunguka huko zisikoonekana na mtu. Au, kama ilivyonitokea, zimetupwa kabla ya kuchorwa. Na usuli wa glxgears wenyewe ni mweusi, hivyo gia zikikosekana hubaki weusi juu ya weusi.

Mafundi wana dawa yao: paka usuli rangi ya waridi. Waridi likitokea, mashine ni hai na kilichopotea ni umbo tu. Weusi ukibaki, ingia ndani ya bodi kupitia mtandao kutoka kompyuta nyingine, maana mara nyingi imefumba macho tu, masikio yanafanya kazi. Kwangu waridi lilitokea. Nikarudi kwenye mistari yangu, nikakuta nimeamuru pembetatu zilizogeuza mgongo zitupwe, na zilizoelekea mbele nazo zitupwe. Draiva haikukosea. Ilitii.

Watu wenye akili zao wameniambia kwamba ujumbe wa kosa ungefaa kuliko giza. Nami nawauliza: huo ujumbe utachorwa na nani, kama si mtuhumiwa mwenyewe?

Tena skrini nyeusi haijali cheo; hata wakubwa wa fani wameketi mbele yake. Raspberry Pi ya kwanza iliuzwa Februari 2012, lugha ya chipu yake ya michoro ikiwa bado siri ya mtengenezaji wake, Broadcom. Nyaraka zilifunguliwa Februari 2014, ikawekwa zawadi ya dola 10,000 kwa wa kwanza kuuendesha mchezo wa Quake III kwa draiva huria. Simon Hall akaichukua. Mwaka huohuo Eric Anholt akahamia Broadcom kuiandika hiyo vc4 ambayo mimi nilikuja kuijenga kwa makosa. Kisha wahandisi wa Igalia, kampuni ya Hispania, wakaanza draiva ya Pi 4 ya Vulkan, lugha mpya zaidi ya kuagizia michoro, na Januari 2020 Eben Upton, mmoja wa waanzilishi wa Raspberry Pi, akautangazia ulimwengu matunda yao ya kwanza: pembetatu moja. Moja tu, ya rangirangi. Asiyewahi kuketi mbele ya skrini nyeusi atacheka. Sisi wengine tulipiga vigelegele kama bibi harusi amefunuliwa shela. Novemba mwaka huohuo draiva hiyo ikafaulu mtihani rasmi wa Vulkan 1.0 wa Khronos, shirika linalosimamia kanuni za Vulkan.

Gia zangu nazo zilirudi, siku ya nne, na safari hii aliyezichora ni v3d. Zilikuwa zilezile tatu, nyekundu, ya kijani na ya bluu, hazina tofauti yoyote na zile za uongo. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu.

Basi ukipita kwetu jioni ukakuta televisheni nyeusi na mimi nimeikodolea macho, usimpe pole mama watoto, wala usiulize kama kifurushi cha king'amuzi kimeisha. Vuta kiti, ukae.