Kidole cha Baba na Sufuria ya Mbaazi

Shangazi alitoa hukumu kabla adhana ya alfajiri haijasikika: kaka yake amekanyaga kitu. Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa imejaa ndugu waliokuja harusini, wamelala kuanzia ukumbini hadi varandani, na wote walimsikia Baba akilia. Mzee aliyemaliza utumishi wake bandarini, kati ya marobota ya katani, alikuwa ameingia kitandani mzima wa afya. Usiku wa manane kidole gumba cha mguu wa kulia kikaumuka, kinang'aa, kina moto, na shuka jepesi la pamba lilipokigusa alipiga ukelele ambao sijausahau.

Dawa ya aliyekanyaga kitu Shangazi anaijua. Aliagiza maji ya moto na mafuta ya nazi, akajifunga kanga vizuri, akaketi miguuni pa kaka yake. Mama akamwambia, "Wifi, tafadhali, mguu huo usiuguse." Shangazi akamjibu kwamba yeye amezaliwa tumbo moja na mwenye mguu, Mama kaolewa tu. Basi akakanda. Baba alirusha mguu, beseni likapinduka, maji yakaloanisha godoro alilolalia mjomba, watoto wote wakaamka kwa pamoja, na jirani akaja mbio akidhani tumevamiwa na wezi. Kiungo kilichoshikwa na jongo, yaani gauti, hakitaki joto wala mikono ya mtu. Kinataka kuinuliwa juu ya mto, kipumzishwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kitambaani. Usiku ule barafu ya vinywaji vya harusi ilikuwa imejaa ndoo nzima uani, na hakuna aliyejua kwamba ndiyo iliyohitajika.

Asubuhi tulimpakia kwenye bajaji hadi zahanati moja ya karibu. Walimpima damu, asidi ya yuriki ikasoma kawaida, tukaambiwa hii si gauti, kidole kimeingiwa na vijidudu. Tukarudi na antibiotiki. Nilikuja kujifunza jambo ambalo natamani libandikwe ukutani katika kila maabara: wakati wa shambulio lenyewe, kiwango cha asidi hiyo katika damu kinaweza kushuka hadi kikaonekana cha kawaida. Kipimo kizuri siku ya maumivu hakimtoi mtu kwenye ugonjwa huu. Lazima kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya kidole kutulia. Ni wangapi wameambiwa hawana, wakarudi nyumbani kusubiri shambulio lingine?

Maumivu yalikwisha baada ya siku kadhaa. Shambulio la jongo lina tabia hiyo, huja ghafla na huondoka lenyewe, na ndiyo maana kila tiba iliyokuwa karibu hupata sifa. Shangazi alisema ni mafuta yake, Mama akasema ni antibiotiki, mjomba akasema ni kombe alilomletea kutoka kwa sheikh. Baba hakusema kitu, alifurahi tu kuvaa viatu vyake akaenda msikitini.

Mwaka haukupinduka. Safari hii lilishika goti, na jirani yetu mmoja, mtu mzima anayesikilizwa mtaani, akatamka mbele ya watu kwamba hiyo ni gauti, ugonjwa wa bia na nyama choma. Neno lile lilimuumiza Mama kuliko goti lilivyomuumiza mumewe. Baba hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Kwa muda mrefu baada ya hapo Mama hakutaka mtu yeyote ajue anaumwa nini. Wageni wakija anawaambia mzee kajikwaa. Hata kwenda hospitali kubwa kulicheleweshwa na aibu hiyo, na hili linanikera mpaka leo, kwa sababu aibu yenyewe haina msingi wa kutosha katika sayansi.

Mamalia wengi wana kimeng'enya kinachovunja asidi ya yuriki. Mababu wa binadamu na sokwe walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo sisi sote tunaanza maisha tukiwa na asidi hiyo nyingi kuliko mamalia wengi. Sehemu kubwa hutolewa na figo, na kwa wagonjwa walio wengi tatizo ni figo kuitoa kidogo mno, jambo ambalo mtu hulirithi. Ni kweli bia na pombe kali huongeza hatari. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ, uliotumia takwimu za Wamarekani wenye asili ya Ulaya, ulikuta kila chakula kimoja kimoja kinaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti za asidi kati ya mtu na mtu, ilhali jeni zilieleza karibu asilimia 24. Baba alizaliwa na figo zake. Hakuzinunua baa.

Wakati huohuo jikoni kulikuwa na vita. Mjomba alituma kwenye simu orodha ya vyakula haramu kwa mwenye gauti: mbaazi, maharage, choroko, mchicha, nyanya. Mama akaitii orodha ile kwa machozi. Mbaazi za nazi na maandazi ndicho chakula cha asubuhi Baba alichokula tangu utotoni, na sufuria yake ikapandishwa juu ya kabati. Kisha, ili mgonjwa apate nguvu, akaanza kupikiwa supu ya makongoro, maini ya kukaanga, dagaa, na Ijumaa supu ya pweza. Yote hayo yalitoka kwenye mapenzi, na karibu yote yalikuwa kinyume. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 wa Marekani kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi na vyakula vya baharini walipata jongo zaidi, waliokunywa maziwa wakapata kidogo, na mboga zenye purini nyingi, ile ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, jamii ya kunde zikiwemo, hazikuongeza hatari. Sufuria ya mbaazi ilifungwa bila kosa.

Daktari tuliyempata mwishowe katika hospitali kubwa alianza kwa kumsikiliza Baba, akimhoji taratibu. Lilianza saa ngapi? Lilifika kileleni kwa muda gani? Kati ya shambulio na shambulio, kidole kinakuwa kizima kabisa? Akampapasa masikio na viwiko akitafuta vinundu. Alitueleza kwamba uthibitisho wenyewe hasa ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwenye hadubini ya mwanga uliochujwa. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1961, Daniel McCarty na Joseph Hollander walipoonyesha kwamba fuwele zenye ncha kali zilizomo katika viungo vya wagonjwa wa jongo ni chumvi ya asidi ya yuriki. Mwaka uliofuata McCarty na mwenzake Faires walitaka kujua kama fuwele hizo ndizo zinazoleta maumivu au zipo tu, wakazidunga magotini mwao wenyewe. Magoti yakawaka. Nilipolisoma hilo nilimwambia Baba, naye akanyamaza, kisha akawaombea dua.

Hospitali ile haikuwa na hadubini ya namna hiyo. Basi daktari akatumia alichonacho: masimulizi ya ugonjwa wenyewe, na kipimo cha damu kilichorudiwa goti lilipotulia. Kilisoma miligramu 9.2 kwa desilita. Damu ya binadamu huibeba asidi hii hadi takriban 6.8. Zaidi ya hapo, mfano wa chumvi iliyozidi katika kikombe cha maji, ziada hujitenga na kuganda, na huganda kwa wepesi zaidi penye ubaridi, ndiyo maana kidole cha mguu, kilicho mbali na joto la mwili, huwa cha kwanza. Fuwele zinaweza kukaa kimya miaka na miaka. Siku chembe nyeupe za damu zikizimeza, kundi la protini lililomo ndani ya chembe hizo huamka na kumwaga kemikali za uvimbe. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2006 na watafiti waliofanya kazi na Jürg Tschopp huko Lausanne, Uswisi, na limefungua mlango wa dawa mpya ambazo bado ni ghali kwa watu wetu.

Halafu daktari akaomba kuona dawa zote anazotumia mzee. Mama akazimwaga mezani kutoka kwenye pochi. Miongoni mwake kulikuwa na kidonge cha presha cha kukojolesha, alichokuwa akimeza kila asubuhi. Vidonge vya aina hiyo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Akambadilishia losatani, ambayo hushusha presha na kupunguza asidi kidogo pia. Hapo Mama alivuta pumzi ndefu. Chanzo kimojawapo kilikuwa kwenye pochi yake, na hakikuwa na harufu ya pombe.

Ikaja alopurinoli. Hii ni dawa ninayoiheshimu, na natamani watu wamjue mwanamke aliye nyuma yake. Gertrude Elion alimpoteza babu yake kwa saratani akiwa na umri wa miaka 15, akasomea kemia, akakataliwa kazi za maabara kwa kuwa ni mwanamke, mpaka alipopata nafasi ya kufanya kazi na George Hitchings. Walikuwa wakitafuta namna ya kuizuia dawa ya lukemia isivunjwe haraka mwilini. Walichokipata kilizuia pia kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki. Mwaka 1966 kiliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa jongo, na mwaka 1988 wawili hao walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Leo ni kidonge cha bei nafuu.

Baba alianzishiwa miligramu 100, ipandishwe polepole. Wiki chache baadaye kidole kikawaka upya. Shangazi, aliyekuwa amekuja tena kutoka Pangani kumjulia hali, hakuhitaji ushahidi mwingine. "Mnamuua ndugu yangu mchana kweupe," alisema, na alipopanda basi kurudi kwao, vidonge vilikuwa ndani ya mkoba wake. Tuligundua saa ya kumeza dawa. Kaka akatumwa Pangani kwenye barabara ya vumbi, akafika akamkuta shangazi yake kajifungia, hafungui mpaka aapiwe kwamba dawa ile si sumu. Kaka aliapa. Alirudi usiku na nusu ya vidonge. Nusu nyingine Shangazi alishaitupa chooni.

Kumbe shambulio lile lilikuwa limetarajiwa. Asidi inaposhuka, fuwele zilizojikusanya huanza kuyeyuka na kumeguka, na mwili hushtuka. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mgonjwa huongezewa dawa ya kolkisini kwa dozi ndogo, na akishikwa haachi alopurinoli, bali hutibu shambulio huku anaendelea nayo. Hatukuwa tumeelezwa hivyo kwa kituo, au tulielezwa haraka katika foleni ndefu. Aliyetueleza akarudia ni muuguzi mmoja wa kliniki, mama mtulivu, aliyemketisha Mama na kumchorea kiungo kwenye karatasi. Alimwambia lengo ni asidi ishuke chini ya 6 na ibaki huko. Kidonge hiki ni cha siku zote, hata kama kidole hakiumi. Na upele ukitokea mwilini aache mara moja na warudi hospitali siku hiyohiyo.

Mazungumzo ya namna ile ni tiba kamili. Huko Nottingham, Uingereza, Michael Doherty na wenzake waliwagawa wagonjwa 517 makundi mawili: wengine walihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, wengine na wauguzi waliofunzwa, wenye muda wa kueleza na kusikiliza hofu zao. Baada ya miaka miwili, kwa mujibu wa ripoti yao ya mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, asilimia 95 ya waliokuwa na wauguzi walifikia lengo la asidi, dhidi ya asilimia 30 ya wenzao. Dawa zilizokuwepo ni zilezile. Mimi nikisoma takwimu hizo namwona Mama na ile karatasi yake, ambayo hadi leo imebandikwa mlangoni mwa jokofu.

Kiwango cha Baba kilishuka hadi 5.4 na dozi ikaachwa hapo. Mbaazi zimerudi mezani, makongoro yamebaki ya sikukuu. Kaka naye amepimwa akakutwa na 7.6, bila maumivu yoyote. Daktari hakumpa dawa, maana asidi kuwa juu peke yake hakuhitaji kutibiwa. Alimwambia apunguze soda, kwa kuwa sukari ya matunda iliyomo huongeza asidi, na mkewe ameanza kumkagua kreti kwa kreti.

Sasa ni zamu ya Shangazi. Mwanamke kabla ya kukoma hedhi hulindwa na homoni ya estrojeni, inayozisaidia figo kutoa asidi, na hata Hippocrates aliandika kwamba wanawake hawapati jongo mpaka hedhi ikome. Shangazi ameshapita huko zamani, anameza kidonge cha presha cha kukojolesha, na goti lake limevimba mara mbili usiku. Amepiga simu mwenyewe, hakumwomba kaka yake, amemwomba Mama. Anauliza yule muuguzi anakuwepo kliniki siku gani, maana hataki kuelezwa na mtu mwingine. Mama amemwambia aje Jumatano mapema, na vidonge vyake vyote avilete katika mfuko mmoja.