Kila Mtu Ataje Kilo Zake

Wauza tela wa hapa Marekani wana wimbo mmoja: "Itavuta." Ukiwauliza bei, itavuta. Ukiwauliza kama bomba la jikoni linavuja, itavuta. Nimezunguka yadi zao hapa Denver na vitongoji vyake nikiwa na Mama Rehema, ambaye ameshaamua kwamba watoto wetu hawatamaliza utoto wao bila kulala Yellowstone ndani ya nyumba yenye magurudumu. Kila tulipokwenda, kijana mwenye fulana ya nembo aliichungulia pikapu yetu, akaipiga kofi la kirafiki kwenye boneti, akasema maneno yale yale.

Sasa nani aliuliza habari za kuvuta? Kazi ni kubeba.

Tela ya aina hii haifuati gari tu, inaliegemea. Pua yake inakalia tufe la chuma lililofungwa nyuma ya pikapu, na inatakiwa ilemee hapo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela nzima ikiwa imeshapakiwa. Hamali yeyote wa Kariakoo anaijua hesabu hii bila kalamu. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli ya mkokoteni, mpini unapanda na yeye ananing'inia hewani akitapatapa miguu. Yakisogezwa mbele kidogo, mpini unatulia mikononi na mkokoteni unakwenda anakotaka. Tela nyepesi puani haimning'inizi mtu, inafanya vibaya zaidi. Upepo ukiipiga ubavuni, au semi likiipita kwa kasi, inaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mpigo ukizidi uliotangulia, hadi inaamua yenyewe gari lielekee wapi. Na njia ya kutoka kwetu inagusa Wyoming, ambako upepo ukichachamaa barabara kuu namba 80 hufungwa kwa magari mepesi yenye kimo kirefu. Tela za familia zimo humo humo.

Dawa yake, unaambiwa, ni kiungio cha kugawa uzito chenye kizuia kuyumba. Ukishatamka maneno hayo, kila uliyenaye kwenye simu anageuka mhandisi. Shemeji yangu wa Houston alinishauri tela ikiyumba nikanyage mafuta "uinyooshe". Shemeji, Mungu akuweke. Kinachotakiwa ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kuutuliza usukani na kubonyeza kwa mkono breki za tela peke yake, maana kifaa chake kipo hapo karibu na usukani. Mdogo wangu aliyeko Leicester yeye anacheka tu. Huko kwao karavani inalemea kilo 100 au pungufu, na wengi wanafunga kiungio chenye pedi zinazolibana tufe, basi, safari njema. Nikamwambia karavani zenu mnalala wawili mkiwa mmekunja magoti. Hizi za huku nyingi zinatoka Elkhart, Indiana, kwa watu wanaoamini hakuna anayeweza kwenda porini bila sofa.

Kiungio chenyewe, ukiacha kelele za wauzaji, si uchawi. Pua ya tela ikishuka nyuma ya pikapu, mkia wa gari unazama, magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika vilele vya miti. Kiungio kinaleta mitaimbo miwili ya chuma cha springi, inayochomekwa kwenye kichwa chake na kuvutwa juu kwa minyororo au kukalishwa kwenye mabano ya fremu ya tela. Ikikazwa inapinda, na nguvu ya kutaka kujinyoosha inarudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari na sehemu nyingine kwenye ekseli za tela. Unachuchumaa na futikamba yako kwenye tao la gurudumu la mbele: unapima mpaka chini kabla ya kufunga tela, unapima tena ukishafunga, unapima tena ukishakaza. Mbele ikiwa imepanda sentimita nne, na kitabu cha gari kinataka nusu irudi, unakaza mpaka zirudi mbili. Kitabu, nasema, kwa sababu kuna magari ambayo mtengenezaji wake hakitaki kabisa kiungio cha namna hii. Halafu mitaimbo inunuliwe kwa uzito wa pua yako. Mikubwa mno haipindi, inabaki kuitingisha fremu kila kwenye shimo.

Kuhusu kuyumba, ngazi ni kama tatu. Ya rahisi ni ufito mmoja wa msuguano unaofungwa pembeni, ambao watengenezaji wengi wanataka uutoe kabla ya kurudi nyuma. Maana yake ni kushuka usiku, kwenye mvua, huku nyuma yako kuna watu wanapiga honi. Ya kati ni ile ambayo mitaimbo yenyewe inasugua mabano, kwa hiyo kugawa uzito na kuzuia kuyumba vinafanywa na chuma kimoja. Inapiga kelele kwenye kona kiasi kwamba kambi nzima inajua umefika. Ya juu ni mitambo kama Hensley Arrow, ambayo kwa mpangilio wa mikono yake inafanya tela ivutwe kana kwamba egemeo lake liko mbele zaidi, karibu na ekseli ya nyuma ya gari. Inasifiwa sana. Bei yake ni zaidi ya dola 3,000, na hapo nilimrudishia mwuzaji karatasi yake kwa adabu.

Kile ambacho hakuna hata mmoja wao anakitaja ni kibandiko cha njano kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Chetu kinasema kilo 680. Pua ya tela inahesabika humo. Kichwa cha kiungio na mitaimbo yake vinahesabika humo. Dereva naye anahesabika humo, hata kama kitambi chake ni cha kurithi.

Tela aliyoipenda Mama Rehema ingefika kilo 2,700 ikiwa na maji, gesi, betri na sufuria. Uzito ulioandikwa kwenye tangazo ni wa tela kavu, na sijawahi kuona familia inayosafiri kavu. Chukua asilimia 13, pua inakuwa kilo 351. Kiungio kilo 45. Zinabaki 284. Mimi 96, nimesema. Watoto watatu, tuliowasimamisha kwenye mizani ya bafuni, 135. Nikatoa, nikageuza karatasi.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Hamsini na tatu."

"Za nani?"

Sikujibu. Akaichukua kalamu, akaangalia, akasema kwa upole, "Basi wewe Baba Rehema utatufuata kwa basi."

Tukachukua tela ndogo. Sofa imekwenda, kitanda kimoja kimekwenda. Ikiwa imepakiwa ni kilo 2,100, pua 273, na kiungio ni kile cha kati chenye kelele. Kabla ya safari tuliipitisha kwenye mizani ya kituo cha maroli, ile ambayo dereva wa semi na baba wa familia wanapanga foleni moja, tukatoka na karatasi yenye uzito wa ekseli za mbele, za nyuma na za tela. Kila mwenye tela aende huko kwanza, kabla hajamsikiliza kijana yeyote mwenye fulana.

Nafasi iliyobaki kwenye kibandiko ni kilo kadhaa. Idadi kamili siitaji hapa. Wasomaji wa safu hii wanajua kutoa, na nina hakika wapo ambao wameshaanza kutafuta uzito wa mke wangu.