Barua kutoka Minneapolis: Mianzi Isiyotoa Ulanzi

Ndugu zangu wa Iringa, habari iliyowafikia ni ya kweli: huku Minnesota watu wanatandika mianzi sakafuni, ndani ya nyumba, kwa dola zao wenyewe, na humo halitoki hata tone la ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Najua mtakavyosema. Mwanzi ni wa kugemwa masika, wa uzio, wa tenga la nyanya. Kuupaka vanishi na kuukanyaga kwa soksi ni dalili kwamba baridi imempanda mtu kichwani. Mimi naitetea sakafu hiyo, ila kwa sharti ambalo wauzaji hulichapa kwa herufi ndogo: adui yake ni hewa. Anayetaka kuitandika kwa mkono wake aisome hewa ya nyumba kwanza, nyundo itafuata.

Wazee wanapinga wakisema mwanzi ni jani tu. Ni jani kweli, ukoo mmoja na muhindi na muwa. Mianzi mingi inayouzwa huku ni ya aina iitwayo moso kutoka China, hukatwa ikiwa na miaka mitano au sita, hupasuliwa, kisha huchemshwa ili kutoa wanga na sukari inayoita wadudu (wagema, poleni). Aina iliyo ngumu kuliko zote hupatikana kwa kuzichambua nyuzi, kuzilowesha gundi na kuzishindilia kwa mashine. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Janka, kilichobuniwa mwaka 1906: gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 husukumwa ndani ya ubao mpaka izame nusu, na nguvu iliyotumika ndiyo alama. Mwaloni mwekundu, mti ambao Wamarekani huuapia, hupata pauni 1,290. Mwanzi wa kushindiliwa mara nyingi hupita 3,000. Muuzaji akishaitaja namba hiyo hutoa mashine ya kadi, mazungumzo yamekwisha. Lakini nani anakaa sebuleni kwake akishindilia gololi sakafuni?

Mtihani wa kweli ni hewa. Januari huku baridi hushuka hata nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Hewa hiyo hubeba mvuke kidogo mno. Ikiingia ndani na kupashwa moto, unyevu wa nyumba huanguka chini ya asilimia 30, midomo inapasuka na mbao zinanywea. Julai ni jasho tupu, na mbao zilezile zinavimba. Chukua chumba chenye upana wa mita 5 na mbao za sentimita 13: ni safu kama 38. Kila ubao ukivimba nusu milimita tu, jumla ni milimita 19. Kwa sakafu ya kuelea, ambamo ulimi wa ubao mmoja huingia kwenye mfereji wa mwenzake bila msumari, mbao zote husogea kwa pamoja, kwa hiyo milimita hizo lazima zipate pa kwenda. Ndiyo sababu huachwa mwanya wa milimita 12 hivi kuzunguka kuta, ukafichwa na ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, ambao wenyewe hupigiliwa ukutani. Fundi anayependa kazi nadhifu huuonea haya mwanya huo, akauziba. Julai ikifika, sakafu inajiinua katikati ya sebule. Kufunga kabati la jikoni juu yake kwa skrubu huleta balaa hilohilo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbao hizi hazijaisikia methali hiyo. Kabla ya kutandikwa lazima kwanza ziizoee hewa ya nyumba: saa 72 ndiyo subira ndogo kabisa ambayo viwanda vingi hutaja, na mwanzi wa kushindiliwa, kwa kuwa umebana, hupokea na kuachia unyevu taratibu, hivyo unaweza kudai siku 10 na zaidi. Maboksi yafunguliwe, yalazwe katika chumba chenyewe, hita ikiwaka kama siku zote, gereji haihesabiki. Mtasema huo ni uvivu wa Kizungu uliopewa karatasi ya maelekezo. Basi msiamini karatasi, aminini kipima unyevu: ubao mpya na mbao za chini yake vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3, kazi haijaiva. Mwenye mikono inayowasha achanganye mbao za maboksi mbalimbali ili rangi zisigawane mitaa.

Pingamizi zito zaidi ni la mazingira: mwanzi hukua upesi, sawa, lakini gundi na safari ya meli kutoka China nazo zihesabiwe. Hapo nakubali nusu, na nusu iliyobaki inategemea sakafu itadumu miaka mingapi, jambo linaloturudisha kwenye hewa. Vigae? Nyumba nyingi huku ni za mbao hadi chini ya sakafu, zinanesa, na kigae kisichowekewa msingi imara hupasuka. Tena alfajiri ya Januari unyayo ukikigusa, usingizi wote unakimbia. Bora mwanzi, pamoja na dhamana yake, ambayo kwa kawaida humtaka mwenye nyumba autunze unyevu kati ya asilimia 40 na 60, kwa mashine ikibidi. Kwa hiyo mkipiga simu wakati wa theluji kuuliza hali ya nyumbani, msishangae kujibiwa kwamba ni asilimia 42.